Nyumba ya maombi kule juu Maseno: ukienda na sala za kupamba utachoka mapema

Wengi mmeniuliza hii nyumba ya maombi niliyoenda iko aje, ni ya kanisa gani, wanalipisha ngapi na kama kuna nabii. Nabii hakuna. Naanza na hapo ili wenye walikuwa wanatafuta nabii waokoe nauli mapema, juu kuna dada mmoja tulipatana naye huko alikuwa ametoka mbali akitarajia kuambiwa jina la adui yake, alipoona hakuna mtu anaonyesha adui alikunywa chai akarudi Kisumu jioni hiyohiyo na hasira.

Ni boma ya mwalimu mstaafu na bibi yake, ni watu wa ACK, yaani Anglikana, wamechukua vile vyumba vya wapangaji vilivyokuwa nyuma ya nyumba yao wakavigeuza vya wageni wanaotaka kutulia na kuomba. Vyumba ni vitano tu. Mama mwenye nyumba aliniomba nisitaje jina wala nisiweke ramani kwa sababu wakijaa itabidi waanze kufukuza watu, na kwa umri wao hawataki hiyo kazi. Ukitaka kwenda ulizia kwa wazee wa Uamsho, ule ushirika wa zamani nitakaoueleza chini, upande wa Maseno, utaelekezwa, kule watu wanajuana.

Kufika si shida. Ukitoka Kisumu unapanda matatu za kwenda Luanda au Busia, unapita Otonglo, unapita Kisian, halafu gari linaanza kupanda mlima na unaanza kusikia hewa inabadilika, ile joto ya ziwa inabaki chini. Ukiona kibao cha ikweta ujue ndio umefika. Kutoka soko la Maseno ni boda, na mwambie boda bei kabla hujapanda, wa kwanza kuniona na begi aliniambia bei ya mtalii. Njia ya mwisho ni udongo na mawe makubwa yale ya upande wa Vihiga, mvua ikinyesha, na kule mvua ya mchana ni kama imeandikwa kwa katiba, utatembea kwa miguu ukishika viatu mkononi.

Bei ni shilingi mia nane kwa usiku pamoja na chakula, ama bila chakula kama umefunga, bei ni ileile na hakuna mtu atakurudishia za ugali. Kuongea na Mwalimu ni bure. Kuombewa ni bure. Hakuna namba ya Paybill ya kutuma sadaka kwa ukuta, na hiyo pekee ilinishangaza mpaka nikaitafuta kwa macho kila chumba nilichoingia, hata nyuma ya mlango wa sebule. Risiti pia hakuna, wanaandika kwa kitabu kidogo cha hesabu tu, kwa hivyo kama kazini wanakudai risiti ndio wakurudishie pesa, sahau.

Mlangoni unapewa fomu. Mimi nilifikiri ni ile fomu ya jina, kanisa, hitaji la maombi, kiasi cha sadaka. Kumbe ni karatasi moja ya kuandika una presha au sukari, unameza dawa gani, na namba ya mtu wako wa karibu atakayepigiwa simu ukizidiwa. Mama hakubali mtu afunge bila maji, na mwenye dawa za kila siku anaambiwa ale. Nilimuuliza kama kuna aliyewahi kuwaletea shida wakaamua hivyo, akaniambia hapana, ila baada ya Shakahola walikaa chini na mzee wakaona wakibeba watu wanaofunga bila utaratibu wanacheza na moto. Sote tunakumbuka ile 2023, miili zaidi ya 400 ikitolewa kwa ardhi kule Kilifi, watu walioambiwa wafunge mpaka wafe ndio wamwone Yesu. Kwa hivyo ukifika mahali pa maombi na hakuna anayejali kama umemeza dawa yako ya sukari, mimi nakushauri ugeuze.

Sasa tuje kwa huduma yenyewe, maana chumba na godoro unaweza kupata popote.

Jioni Mwalimu anakaa na kila mgeni kwa sebule yake ndogo, muda kidogo, si lazima. Mimi nilienda. Akaniambia, haya mwanangu, tuombe, anza wewe. Nikaingia gia. Baba katika jina la Yesu tunakuja mbele zako jioni ya leo, tunakushukuru kwa pumzi ya uhai, wengi walitamani kuiona siku hii lakini hawakuweza, si kwamba sisi ni wema kuliko wao, Baba tunafunika mkutano huu kwa damu yako... mnaijua hiyo sala, sote tumekaririshwa, inatoka yenyewe hata ukiwa unafikiria kama ulizima jiko. Na mkutano wenyewe ulikuwa watu wawili na kuku mmoja amesimama mlangoni. Nilipomaliza Mwalimu akasema amina vizuri tu, hakunicheka, akakaa kimya kidogo halafu akauliza, “Ukiwa kwa matatu ukija hapa, ulikuwa unafikiria nini?”

Nikamwambia namfikiria baba yangu. Baba yangu alipigwa na kiharusi, amelala nyumbani kitambo sasa, sisi ndio tunamgeuza, tunamlisha, tunamwosha, na kanisani kila tukiulizwa tunasema anaendelea vizuri kwa jina la Yesu.

“Basi mwambie Mungu hayo.”

Nikaanza tena, Baba tunamwinua mzee mbele zako, akanikata kwa upole, “La, si hiyo. Ile ya matatu.”

Ile ya matatu ilikuwa kwamba nimechoka. Na kwamba kuna usiku huwa naomba mzee apumzike tu, halafu kukikucha najiona mimi ni mtoto wa aina gani. Nikasema hivyo, kwa Kiswahili cha kawaida, macho yamefunguka, naangalia zulia. Na nikanyamaza nikingoja kuambiwa usiseme hivyo, kiri uzima, ulimi una nguvu, juu hiyo ndio ningeambiwa mjini na nimewahi kuambiwa kwa mambo madogo kuliko hayo. Mwalimu hakuniambia chochote. Alichukua Biblia yake ile ya Union Version iliyoshikiliwa na gundi ya karatasi, akafungua Zaburi ya 88, akanipa nisome kwa sauti.

Kama hujaisoma kaisome. Zaburi nyingi za kulia huwa zinageuka mahali, mtu analia wee halafu mwisho anamalizia na kusifu, hata ile ya 13 inayoanza na hata lini utanisahau inaishia na kuimba. Hii ya 88 haigeuki. Mtu anamwambia Mungu mbona umenitupa, mbona unanificha uso wako, na inaisha na giza, kwisha, hakuna mtu wa baadaye aliyekuja akaibandika amina ya furaha hapo mwisho. Mwalimu akaniambia maneno machache, kwamba kama Mungu hangetaka kusikia sala ya aina hiyo hangekubali ikae kwa kitabu chake miaka yote hii. Kisha akaniuliza kama kuna mtu ametufundisha kumgeuza mzee kila baada ya masaa mawili asipate vidonda mgongoni, na kama bado tunampeleka mazoezi ya viungo hospitali. Hilo nililipenda sana. Hakunifanya nionekane kama nina pepo la uchovu, alinichukulia kama mtu anayehitaji kulala na anayehitaji msaada wa zamu nyumbani.

Hapa ndipo nawapa alama zote. Nimezunguka sana kwa maombi, kesha za Ijumaa, mifungo ya Januari, madhabahu za saa kumi za alfajiri, namba za simu za kuombewa ambapo unapiga mtu anakuuliza hitaji na kabla hujamaliza anakutajia mbegu ya kupanda, yaani pesa. Sijasema zote ni mbaya. Ila sehemu nyingi nimefundishwa jinsi ya kusikika, si jinsi ya kusema. Unajifunza pale sauti inapopanda, pale unaweka “Bwaaana”, pale unatetemesha. Na Yesu mwenyewe kwa Mathayo 6 aliishughulikia hiyo kitu, kusali msipayuke-payuke, na kuingia chumba cha ndani na kufunga mlango. Na ile hadithi ya Luka 18, Farisayo ana sala ndefu yenye mpangilio na ripoti ya zaka, mtoza ushuru ana sentensi moja, Ee Mungu, uniwie radhi mimi mwenye dhambi, na ndiye aliyerudi nyumbani amehesabiwa haki. Hiyo tunahubiriwa kila mwaka na kila mwaka tunatoka hapo tukishukuru kwamba sisi si kama yule Farisayo.

Na msinielewe vibaya, shida si kelele. Bartimayo alipiga kelele njiani Yeriko watu wakamkemea anyamaze akazidisha, na Yesu akasimama. Hana naye hakutoa sauti hata kidogo, midomo tu ndiyo ilikuwa inacheza, mpaka kuhani Eli akadhani amelewa, kumbe anamimina roho yake mbele za Bwana. Mmoja kwa kelele mwingine kimya, wote walikuwa wanasema kitu chao. Kule Maseno pia kuna wanaoomba kwa sauti mchana, wanapanda kwa yale mawe nyuma ya boma, unawasikia kwa mbali, hakuna anayewakataza. Sheria ni moja, baada ya saa nne usiku ni kimya.

Sheria ambayo, kwa bahati mbaya, inavunjwa. Vyumba vimegawanywa kwa mbao nyembamba na juu ni wazi mpaka kwa mabati, kwa hivyo jirani akigeuka kitandani unajua amegeukia wapi. Jirani yangu alikuwa kaka mmoja mwenye vita vya kiroho vya saa tisa usiku, anakanyaga sakafu, anafunga na kufungua, na mimi nimelala hapo naomba ashushe sauti angalau kidogo. Hiyo ilikuwa sala ya kweli kabisa. Mama alikuja akamgongea, akatulia, akaanza tena. Wakiweka silingi bodi hapo juu nusu ya malalamiko yangu itaisha.

Choo ni cha nje na njia yake usiku ni giza, beba tochi. Maji ya kuoga ni ndoo, yanapashwa kwa kuni asubuhi ukiomba mapema, ukichelewa ni baridi, na baridi ya huko kwa mtu wa Kondele, kule Kisumu mjini, si mchezo. Godoro ni nyembamba. Blanketi beba lako. Neti iko na haina mashimo. Soketi ni moja kwa kila chumba, mtandao unapatikana ukisimama karibu na geti, na wengi tulikuwa tunajikuta tumesimama karibu na geti kuliko tulivyopanga, lol. Mtu anayetembea kwa kiti cha magurudumu hapo hawezi kabisa, mawe na ngazi kila mahali, na nilimwambia Mwalimu hivyo.

Chakula lakini! Mama anapika mboga za kienyeji zinazolala kwa maziwa, osuga na mitoo, na ugali wa mtama ukitaka, siku nyingine omena iliyokaangwa ikakauka vizuri na nyanya kidogo, haijaoshwa kwa mafuta kama ya hoteli za stendi. Ukimaliza kufunga anakupa uji mwepesi kwanza, hata ukilia njaa hakupi ugali, anakaa hapo anakuangalia ukimaliza kikombe. Chai ni ya maziwa mengi. Nimekula kwa hoteli za mjini za bei mara tatu sijaona chai kama hiyo.

Sasa Alhamisi jioni. Kama unaweza kupanga, panga uwe huko Alhamisi, hata kama hulali, juu hapo ndio wazee wa Uamsho wa eneo wanakuja kwa ushirika. Kwa wenye hawajui, Uamsho ulianzia Gahini kule Rwanda miaka ya 1930, ukapita Uganda, na kabla hiyo miaka haijaisha ulikuwa umefika mpaka Maseno hapa. Walikuwa na jambo lao kubwa, kutembea nuruni, wanalitoa kwa 1 Yohana 1, kwamba ukikosa unasema, unasema waziwazi mbele ya wenzako, na kama uliiba unarudisha. Watu wa umri wa nyanya zetu walirudisha majembe, mbuzi, pesa za mwajiri. Ndio maana makanisa mengine yaliwaona wasumbufu. Vijana siku hizi wanawajua kwa ule wimbo wao wa Kiganda tu, unaimbwa kila mazishi.

Walikuwa watu kama kumi na kitu, wengi wazee, wawili watatu vijana. Wanakaa duara. Hakuna maiki, hakuna mwongozaji kusema ukweli, mtu anasimama anasema. Kaka mmoja wa makamo akasimama akaanza kuungama, kwamba moyo wake umekuwa na uchungu kwa sababu ya shemeji yake, huyo shemeji ni mtu wa maneno, aligombanisha familia, alisema hivi na hivi kwenye matanga... ikaenda. Kuna nyanya alikuwa ameketi pembeni ameshika fimbo, akamwambia, “Ndugu, huyo shemeji tutamngoja aje mwenyewe aungame yake. Wewe yako ni gani?”

Watu wakacheka, yeye mwenyewe akacheka, akajikuna kichwa. Kisha akasema alisogeza mpaka wa shamba. Alipanda ua mpya akauingiza kwa ndugu yake hatua tatu, na huo ugomvi wote wa shemeji ulitoka hapo. Kimya. Hakuna aliyesema haleluya. Mzee mmoja akamuuliza Jumamosi asubuhi yuko nyumbani, akasema yuko, mzee akasema basi tutakuja na fulani tung'oe hiyo miche tuirudishe mahali pake, na wakaendelea kwa mtu mwingine. Mimi nilikaa hapo nikikumbuka ushuhuda wote niliowahi kusikia kwa maikrofoni mjini, wa nilikuwa mlevi Mungu akaniokoa nikapata gari, na sijawahi kusikia hata mmoja wenye hatua tatu ndani yake.

Lakini pia niseme upande wa pili, juu hii ni rivyu si matangazo. Uwazi wa aina hiyo unaweza kugeuka maonyesho. Kuna kijana aliungama mambo ya chumbani kwa urefu ambao hakuna aliyeuhitaji, na nikaona macho ya wengine yanang'aa vile macho hung'aa kwa udaku. Nyanya huyohuyo alimkata, akamwambia hayo mengine kamwambie Mwalimu pembeni. Wasipokuwa na nyanya wa namna hiyo hapo ndani, sijui. Yakobo 5 inasema ungameni dhambi zenu ninyi kwa ninyi na kuombeana mpate kuponywa, na ili mtu aungame hivyo lazima ajue wale anaowaambia watanyamaza.

Hilo la kunyamaza ndilo lililonifanya niwapunguzie alama, na nataka nilieleze vizuri. Kanisa moja mjini, sitalitaja, niliandika hitaji kwa karatasi nikatia kwa boksi la maombi, jambo la ndoa ya dada yangu. Jumapili iliyofuata lilisomwa, bila jina, eti kuna dada ambaye mume wake ameenda Nakuru na mwanamke mwingine tumwombee. Bila jina! Kwa kanisa la watu mia mbili ambapo mume wa mtu mmoja tu ndiye alihamia Nakuru. Jioni lilikuwa limefika kwa grupu la WhatsApp la kina mama na mikono ya kuomba mingi chini yake. Dada yangu hajarudi kanisa hilo na mimi huwa naandika karatasi zangu kwa kusema “Bwana anajua”. Kwa hivyo tunapoambiwa tuwe wazi, tuwe wazi, mimi huuliza wazi kwa nani. Zaburi ya 62 inasema ifunueni mioyo yenu mbele zake. Mbele zake. Haijasema mbele ya kamati.

Sasa hapo kwa nyumba ya Maseno, kila chumba kina daftari. Wageni wanaandika humo maombi yao, yanabaki, mgeni anayefuata anayasoma. Wazo ni zuri kwa juu juu na nilisoma mengine nikatokwa na machozi, kuna mtu aliandika tu “Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu”, ile ya baba wa yule mtoto kwa Marko 9, hakuongeza kitu. Lakini kuna ukurasa mwingine mwanamke ameandika kila kitu, kazi yake, mtaa anaoishi, mume amefanya nini na nani. Nikisoma hapo nilijua kabisa nikishuka Kisumu naweza kumpata kwa siku moja. Nilimpelekea Mama daftari nikamwonyesha.

Akaniambia, “Lakini mwanangu, kuna wanaosoma hiyo wakajua hawako peke yao.”

Nikamwambia sawa Mama, kweli kabisa, ila aliyeandika aliulizwa kama itasomwa? Akafikiria. Akasema wengi wanaona zile za wenzao ndani, kwa hivyo wanajua. Nikasema mtu akiwa analia hafikirii nani atasoma wiki ijayo. Hatukukubaliana, tulibishana kwa heshima huku tunachambua mboga, yeye anaamini hiyo daftari imesaidia watu wengi kuliko mahubiri ya mzee wake, na pengine ni kweli. Akasema ataongea na mzee. Nikiondoka daftari lilikuwa bado liko mezani, ila ule ukurasa niliuona umebandikwa na wa nyuma yake kwa gundi.

Jambo lingine dogo. Asubuhi kuna nusu saa ya kukaa kimya pamoja, watu wanaketi kwa viti vya plastiki chini ya mti, hakuna kuimba. Wengi wetu hatuwezi. Dakika za kwanza unapanga orodha ya soko, zinazofuata unasikia tumbo lako na la jirani. Kulikuwa na mama wa Vihiga amelelewa kwa kanisa la Marafiki, wale Quaker, nikamwambia si ninyi mlizoea kukaa kimya, wamishonari wenu walifika Kaimosi 1902, na Marafiki wanajulikana kwa kungoja Roho kimyakimya, akacheka sana akaniambia kwao wana kwaya na mahubiri kama watu wote, kimya amekipatia hapa. Mimi nilipata faida yake siku za mwisho mwisho. Nilianza kugundua sentensi ninazomwambia Mungu zinakuwa fupi, na sikuwa nazirudia.

Mambo ya Mwalimu mwenyewe, yeye ni mpole lakini ni mwepesi wa kunyamaza, ukienda ukitaka mtu wa kukupa majibu utaona kama anakupotezea muda. Anaweza kukaa hapo dakika kadhaa bila neno. Pia si daktari wa akili na anasema hivyo yeye mwenyewe, kuna kijana alikuja na hali ya kutotaka kuishi, Mwalimu aliomba naye na asubuhi hiyohiyo akampeleka hospitali na gari la jirani, hakumbakiza aendelee kufunga. Wachungaji wengi ningependa wangeona hiyo.

Kwa hivyo nani aende? Mtu mwenye jambo ambalo halijawahi kutoka mdomoni. Mtu aliyechoka kusema ameinuliwa wakati hajainuliwa. Mtu aliyekasirikia Mungu na anaogopa kusema, huyo aende kwanza. Wanandoa sijui, vitanda ni vya mtu mmoja. Vikundi vya vijana vya watu thelathini na spika, tafadhali msiende, tafuteni shule. Na anayetaka picha za kupost, mandhari ni nzuri ukiwa juu kwa mawe na ukungu wa asubuhi, lakini Mwalimu hataki watu wapigwe picha wakiomba, ataomba simu yako kwa adabu na utaona aibu.

Mimi naweka nyota nne. Ile ya tano iko kwa daftari na mbao.

Beba tochi, blanketi, viatu vya tope, dawa zako, pesa taslimu kidogo kwa boda hata kama Mama anapokea M-Pesa. Kalamu pia, zao huwa zimekauka wino. Piga simu siku mbili kabla ndio wajue kama umefunga au unakula, na usipige Jumapili asubuhi, wote wawili wako kanisani mpaka saa saba na simu wanaiacha nyumbani kwa makusudi.